Maji Yaliyoganda Kigoma

Tuchukue tarehe ya kujifunzia: Januari 15, 2000, saa 3:40 asubuhi, Kigoma. Iingize kwenye programu ya Bazi, uaguzi wa Kichina unaosoma wakati wa kuzaliwa, au ipige mwenyewe kwa karatasi na kalamu. Utampata mtu ambaye nafsi yake ni maji, tena maji makubwa ya mto au bahari, aliyezaliwa katika mwezi wa baridi kali. Vitabu vya fani havisiti kutoa hukumu: maji haya yameganda, kwanza yatafutiwe jua la kuyayeyusha, mengine yatafuata.

Yameganda. Kigoma. Januari.

Januari Kigoma ni mvua na matope, na maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hayajawahi hata kukaribia kuganda. Hukumu hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa kwa sababu ya jibu ambalo walimu wa Bazi hulitoa kila wanapoambiwa kwamba kazi yao ni ramli tu ya Kichina. Husema: hapana, hii ni elimu ya kanuni za asili. Jua, majira, mzunguko wa vitu.

Sawa. Asili ya wapi?

Nguzo nne kwa haraka

Msomaji wa pwani anaijua falaki: unachukua jina la mtu na la mama yake, unayahesabu kwa abjadi, unaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki kinakupa buruji yenye tabia ya moto, udongo, upepo au maji. Bazi haitaki jina la mtu wala la mama. Inataka mwaka, mwezi, siku na saa, na kila kimojawapo ni nguzo inayopewa herufi mbili: shina la mbingu, katika mashina kumi, na tawi la ardhi, katika matawi kumi na mawili. Jumla herufi nane. Tabia ni tano: mti, moto, udongo, chuma, maji. Upepo haumo.

Mashina ni Jia na Yi (mti), Bing na Ding (moto), Wu na Ji (udongo), Geng na Xin (chuma), Ren na Gui (maji). Matawi ni Zi, Chou, Yin, Mao, Chen, Si, Wu, Wei, Shen, You, Xu, Hai, na kila moja lina tabia yake na mnyama wake, kuanzia panya wa Zi. Angalia kwamba kwa herufi za Kilatini kuna Wu mbili, shina la udongo na tawi la moto. Wanaoanza huzichanganya, kisha wanashangaa chati yao imekataa kulingana.

Mwaka: toa 4, gawa kwa 60, shika salio. Mtoto wetu hahesabiwi 2000, kwa kuwa mwaka wa Bazi hugeuka Lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua, siku ya Februari 4 au karibu yake. Kwa hiyo ni 1999: salio 15, na kwa kuwa hapa tunahesabu kuanzia sifuri, ni shina la sita na tawi la nne, Ji Mao. Mwezi: kati ya mpaka wa Xiaohan, ulioanguka Januari 6, na Lichun ni mwezi wa Chou. Miaka ya Jia na ya Ji huanza mwezi wa Yin kwa shina Bing. Ukihesabu kwenda mbele, Chou inapata Ding. Siku: Januari 1, 2000 ilikuwa Wu Wu, ya 55 katika mzunguko wa 60. Ongeza 14, toa 60, unapata ya 9, Ren Shen. Saa: siku za Ding na za Ren huanza saa ya Zi kwa Geng, kisha unapanda.

Shina la siku ndilo mtu mwenyewe. Ren, maji makubwa. Kila herufi nyingine husomwa kwa jinsi inavyomtendea Ren huyu: inamzaa, inazaliwa naye, inamshinda, inashindwa naye, au ni ndugu yake.

Hadi hapa ni hesabu tu, na mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Saa ya ukutani na saa ya jua

Saa 3:40 asubuhi huangukia tawi la Si, linaloanza saa 3 hadi saa 5. Hivyo ndivyo programu nyingi zitakavyokupa. Lakini matawi ya saa hufuata jua lililo juu ya kichwa cha anayezaliwa, na saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia. Kila digrii moja ni dakika 4. Mombasa iko nyuma ya saa yake ya ukutani kwa dakika 21 hivi, Dar es Salaam 23, Nairobi 33. Kigoma, karibu na nyuzi 29.6, iko nyuma kwa dakika 61.

Halafu kuna jambo la pili ambalo hata wenye uzoefu hulisahau: jua lenyewe halitembei kwa mwendo sawa mwaka mzima. Katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14 na mwanzoni mwa Novemba hutangulia kwa 16. Katikati ya Januari huchelewa kama dakika 9. Kwa hiyo 3:40 ya Kigoma ni 2:30 ya jua. Hiyo si Si tena, ni Chen, na nguzo ya saa inatoka Yi Si na kuwa Jia Chen.

Tofauti hiyo ina uzito. Tawi la Si limeficha Bing ndani yake, na Bing ndilo jua ambalo vitabu vimeamuru litafutwe. Chen haina Bing: ndani yake mna udongo Wu, mti Yi na maji Gui. Kwa saa ya ukutani, mtoto huyu anayo dawa yake. Kwa saa ya jua, hana.

Wapo wanaobadilisha saa ya kuzaliwa iwe ya Beijing, wakidhani Uchina ndiyo kipimo. Kwa nguzo ya saa hilo ni kosa kubwa. Beijing iko mbele kwa saa tano, hivyo yeyote aliyezaliwa Afrika Mashariki baada ya saa 1 usiku atapewa siku ya kesho, na nafsi yake yote itabadilika. Hata ndani ya Uchina, yenye saa moja kwa nchi nzima, aliyezaliwa Ürümqi yuko nyuma ya saa rasmi kwa zaidi ya saa mbili.

Kwetu wengi wana tarehe ila saa wanayo kwa maneno ya mama: ilikuwa kabla ya adhana ya magharibi. Ushahidi huo ni bora kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu adhana hufuata jua. Karibu na ikweta mambo ni mepesi: adhuhuri inaingia katikati ya tawi Wu, magharibi katikati ya You, na kuchomoza kwa jua ni katikati ya Mao, na tofauti kati ya msimu na msimu haizidi kama robo saa. Adhana ya kuogopa ni ya alasiri. Kwa kipimo cha Kishafii, kivuli kikizidi kile cha adhuhuri kwa urefu wa kitu chenyewe, inaingia kati ya saa 9:00 na karibu 9:30 ya jua, yaani palepale Wei inapomwachia Shen. Mama akisema "alasiri ilikuwa inaadhiniwa", andika chati mbili na usijifanye unajua ipi ndiyo.

Mpaka wa mwezi

Hapa Bazi inasimama juu ya jua waziwazi. Mwezi hauanzi kwa mwandamo. Unaanza jua linapofika digrii fulani angani: Lichun ni digrii 315, na kila baada ya digrii 30 mwezi mpya unaingia. Mwaka 2025 Wachina walisherehekea mwaka mpya Januari 29, lakini Lichun ilikuwa Februari 3, saa 11:10 jioni kwa saa zetu. Aliyezaliwa Januari 31 anaambiwa mtaani kwamba ni Nyoka. Kwenye Bazi bado ni Joka wa 2024.

Mpaka huo ni tukio moja kwa dunia nzima. Kwa hiyo hapa, tofauti na nguzo ya saa, ni lazima kubadilisha: Lichun ya 2024 ilitangazwa saa 16:27 Beijing, na kwetu ilikuwa saa 5:27 asubuhi. Kanuni mbili zinazopingana ndani ya chati moja, na programu duni hutumia moja kwa zote.

Mpaka wenyewe una historia. Hadi 1645 kalenda ya Uchina iligawa mwaka katika vipindi 24 vya urefu sawa, siku 15 na kidogo kila kimoja. Mwaka huo utawala wa Qing ulianza kufuata digrii za jua lenyewe, na tangu hapo vipindi vya Januari ni vifupi kuliko vya Julai, kwa kuwa dunia inakimbia zaidi ikiwa karibu na jua. Karibu na siku za usawa wa usiku na mchana, tofauti kati ya njia hizo mbili hufika kama siku mbili. Maana yake ni kwamba Xu Ziping, ambaye fani hii huitwa pia Ziping kwa jina lake, na warithi wake wa zama za Song waliikata miezi kwa kisu kingine. Chati za watu maarufu wanazozinukuu vitabuni, zikipigwa leo kwa programu, nyingine huhama mwezi.

Nguzo isiyo na kitu angani

Hili ndilo lililonigeuza.

Ukiziuliza nguzo moja moja zimesimama juu ya nini, unapata hivi. Saa: mzunguko wa dunia. Mwezi: safari ya jua na majira. Mwaka: zamani tawi lake lilifuata sayari ya Mshtarii, inayozunguka kwa miaka 11.86. Kwa kuwa si 12 kamili, kila baada ya miaka 85 hivi sayari inakuwa imeruka kituo kimoja. Zama za Han wakaacha kuifuata, wakabaki na hesabu. Siku: hakuna. Hakuna chochote angani kinachorudi kila baada ya siku 60. Ni kuhesabu tu, Jia Zi, Yi Chou, Bing Yin, kama ilivyochorwa kwenye mifupa ya kuagulia ya utawala wa Shang huko Anyang, Uchina, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Na hiyo ndiyo nguzo inayobeba nafsi ya mtu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Li Xuzhong wa zama za Tang, aliyefariki 813, alikumbukwa kwa kuagua kwa mwaka, mwezi na siku, na katika njia za kale mwaka ndio uliokuwa na uzito. Njia ya Ziping iliuhamishia kwenye shina la siku, na kila anayejifunza leo anaambiwa hapo ndipo fani ilipokomaa. Huenda. Chati zilipata undani kweli, kwa sababu siku hutenganisha watu kuliko mwaka. Lakini uhamisho huo uliitoa nafsi kwenye kitu kilichowahi kuwa na sayari nyuma yake na kuiweka kwenye hesabu tupu.

Kwa hiyo "kanuni za asili" ni kweli nusu. Nguzo mbili zina jua. Mbili zina daftari.

Nanyuki, mita mia kila upande

Turudi kwenye barafu. Mwezi wa Chou una vipindi viwili, Xiaohan na Dahan, na kalenda ya kale iligawa kila kipindi katika siku tano tano na kuzipa alama za kuonekana kwa macho. Katika Xiaohan mabata bukini wanaelekea kaskazini na ndege fulani wa jamii ya kunguru wanajenga viota. Siku tano za mwisho za Dahan, madimbwi yameganda hadi katikati. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amesimama karibu na Mto Manjano na aliyaona. Kutokana na macho hayo ndipo ilipotoka ngazi ya nguvu: majira ya kuchipua mti umestawi, moto unapanda, maji yanapumzika, chuma kimefungwa, udongo umekufa. Baridi ikija maji yamestawi na moto umekufa. Ni maelezo mazuri ya nchi fulani.

Wanaoishi kusini mwa ikweta wamelijadili hili, na baadhi huigeuza miezi: Chou inakuwa Wei, mwezi wa joto kavu, na hukumu inapinduka chini juu. Hesabu haikatai, kwa kuwa kuruka matawi sita hakuharibu ulinganifu wa yin na yang, yaani wa herufi za shufwa na za witiri katika orodha, na Ding Chou inakuwa Ding Wei bila tatizo. Tatizo liko ardhini. Pale Nanyuki, penye kibao cha ikweta ambacho watalii hupigia picha, anayezaliwa mita mia kaskazini atakuwa maji yaliyoganda, na anayezaliwa mita mia kusini maji yanayokauka. Mvua iliyowanyeshea ni moja.

Ukisema basi tuandike ngazi mpya kwa majira yetu, jaribu. Kutoka Tanga hadi Mombasa kuna kaskazi, masika, kusi, kisha vuli kabla kaskazi haijarudi. Mvua ni mara mbili, kwa hiyo mti unastawi mara mbili kwa mwaka, na duara la tabia tano haliwezi kufunga bila kujikanyaga. Wazee wa pwani waliokuwa na kalenda ya jua, ile inayoanza Siku ya Mwaka na ambayo Makunduchi bado wanaiadhimisha kwa Mwaka Kogwa, waliihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi wakajua lini pa kulima na lini pa kusafiri. Hawakuikata katika majira manne ya mtu wa kaskazini. Hawakuwa na sababu.

Walio wengi katika fani huiacha miezi ilivyo, nami nawaunga mkono, ila kwa sharti kwamba waache kuzungumzia barafu. Digrii za jua ni zilezile Kigoma na Luoyang ya Uchina. Hali ya hewa si ileile. Anayebaki na miezi ya kaskazini amechagua nafasi ya jua kuwa lugha ya alama. Anayegeuza miezi amechagua hali ya hewa, na Nanyuki itamfuata popote. Kudai vyote viwili kwa pamoja ndiko nisikokukubali.

Panya na farasi

Mashaka haya si ya wageni. Wang Chong, mwanazuoni wa Han aliyezaliwa mwaka 27, aliwauliza watu wa zama zake: panya ni maji, farasi ni moto, na maji hushinda moto, mbona panya hawafukuzi farasi? Jogoo ni chuma na sungura ni mti, mbona jogoo hamdonoi sungura? Lile la wafu ni zito zaidi. Mwaka 260 kabla ya Kristo, jeshi la dola ya Zhao lilisalimu amri huko Changping, na wanajeshi waliotajwa kuwa laki nne wakauawa na dola ya Qin. Je, wote walikuwa na majaliwa mamoja?

Wang Chong mwenyewe hakuyakana majaliwa. Alijibu kwamba majaliwa ya dola huyashinda ya mtu mmoja. Wapiga Bazi wa leo hutumia jibu hilohilo kwa ajali za ndege na mafuriko, na nadhani ndilo jibu la uaminifu kuliko yote waliyo nayo, kwa sababu linakiri kwamba herufi nane hazijui kila kitu.

Hesabu nayo inawabana. Miaka 60, mara miezi 12, mara siku 60, mara saa 12 ni chati 518,400. Tofautisha wanaume na wanawake, unapata 1,036,800. Duniani huzaliwa watoto kama milioni 130 kwa mwaka, yaani kwa kila saa moja ya Bazi, ambayo ni saa zetu mbili, watoto 30,000 hivi wanapata herufi zilezile nane. Mwalimu mzuri hukubali na kusema chati inaonyesha mbegu, si shamba. Mwalimu mbaya hukutajia tarehe ya kifo cha baba yako.

Chati ile, sasa

Naiandika hivi: Ji Mao, Ding Chou, Ren Shen, Jia Chen. Chini ya mwezi na saa naandika "jua", chini ya mwaka na siku naandika "hesabu". Kila sentensi ya tafsiri inapewa alama ya nguzo ilikotoka. Sentensi ya barafu imetoka kwenye mwezi, na inabaki kama alama ya jua lililo digrii 294 hivi, bila kudai chochote kuhusu maji ya Ziwa Tanganyika.

Kisha naingia kwenye nguzo za bahati, yaani vipindi vya maisha vya miaka kumi kumi. Kanuni ni kuhesabu siku kutoka kuzaliwa hadi mpaka wa mwezi: siku tatu ni mwaka mmoja, siku moja ni miezi minne. Mwanamke aliyezaliwa mwaka wenye shina la yin, kama Ji, huhesabu kwenda mbele. Mwanamume wa mwaka huo huhesabu kurudi nyuma. Tuseme siku ile Kigoma walizaliwa mapacha, Kulwa na Doto, wa kike na wa kiume, ndani ya saa ileile.

Wa kike ana kama siku 20 na robo hadi Lichun, hivyo anaanza akiwa na miaka 6 na miezi 9, kwa Wu Yin, na anatembea kuelekea majira ya kuchipua na joto. Wa kiume ana siku 9 na kidogo kurudi Xiaohan, anaanza akiwa na miaka 3 na mwezi mmoja hivi, kwa Bing Zi. Jua lililotafutwa analipata mapema, lakini limekaa juu ya Zi, na Zi ikikutana na Shen na Chen zake za kuzaliwa, matawi hayo matatu hufungamana kuwa maji matupu. Baada ya hapo anazidi kurudi nyuma, Yi Hai, Jia Xu, huku dada yake akienda mbele.

Jua lililowachomozea ni moja, mpaka wa mwezi ni mmoja, saa ni moja. Kilichowageuza mmoja mbele na mwingine nyuma ni jinsia pamoja na yin ya mwaka, mwaka ambao tawi lake liliacha kumfuata Mshtarii tangu zama za Han.